Jino la Kigiriki

Kila asubuhi binti alipiga mswaki huku akikariri alfabeti ya Kigiriki. Mbinu hiyo aliibuni mwenyewe. Alikuwa na haya hata mbele ya kioo, na povu la dawa ya meno lilimsitiri: akikosea, hakuna aliyejua, pengine hata yeye. Alianzia magego ya kushoto na alfa, akasogea na beta na gama, na kwa kawaida alifika meno ya mbele akiwa kwenye theta, herufi ya nane. Jumatatu ile alipofika kwenye theta mswaki ukagonga kitu ambacho jana hakikuwepo.

Alitema, akasukutua, akatazama. Katikati ya meno yake mawili ya mbele, juu, palikuwa na jino la tatu. Yale mawili yalikuwa yamelipisha, kama watu wanavyosogea kwenye benchi mgeni akiingia. Lilikuwa refu kuliko mengine, la rangi ya chai, na pembe yake moja ilikuwa imemeguka. Alilitikisa kwa kidole. Lilikuwa limeshika kweli kweli.

"Mama Mkubwa," aliita.

Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yake na ndiye aliyemlea, alitoka jikoni na kisu cha siagi mkononi. Alimshika kidevu akamgeuzia dirishani.

"Hilo la Baba yako Mkubwa," alisema. "Hiyo pembe aliivunjia kwenye mfupa wa kuku, tukiwa wachumba. Alikuwa anajionyesha." Kisha akarudi jikoni, maana chai ilikuwa inafurika.

Kwenye picha ya harusi iliyotundikwa sebuleni jino hilo lilionekana vizuri, kwa kuwa bwana harusi alikuwa anacheka. Katika picha zote zilizofuata alitabasamu akiwa amefumba mdomo. Binti alisimama mbele ya picha na kipande cha mkate mkononi, akalinganisha. Hapakuwa na shaka.

"Alianguka na baiskeli," Mama Mkubwa alisema nyuma yake. Ndivyo alivyosema siku zote akiulizwa jino hilo lilivyotoka.

"Kwani alikuwa anajua kuendesha baiskeli?"

"Hapana."

"Sasa alianguka vipi?"

"Ndiyo maana alianguka. Kunywa chai, utachelewa."

Nyuma ya mlango wa kutokea ulining'inia mwavuli mweusi ambao Mama Mkubwa hakuwahi kuufungua. Mvua ikinyesha alijifunika mfuko wa plastiki kichwani, akaenda zake. Mwavuli bado ulikuwa na kibandiko cha duka kwenye mpini. Binti alishazoea kuupita bila kuuona, kama mtu anavyoipita kalenda ya mwaka uliokwisha.

Baba Mkubwa alikuwa amefundisha Kigiriki cha Biblia kwenye chuo cha theolojia mwisho wa mtaa, tangu ujana wake mpaka alipofariki mwaka juzi. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alifundisha akiwa na pengo mbele. Alipotamka theta, pumzi ilipenya pengoni ikalia kama filimbi kabla ulimi haujafika mahali pake. Wanafunzi waliiga walichosikia. Waliohitimu waliwafundisha wengine, na baada ya muda filimbi ikawa ndiyo theta yenyewe. Kila mmoja wao aliweza kusema thelathini na thamani bila taabu, sauti ile ile, ulimi mahali pale pale. Lakini akifungua Agano Jipya alipiga filimbi. Wanaoanza walipewa njiti ya kiberiti waibane kati ya meno ya mbele na kupuliza kando yake mpaka ilie. Hayo yaliitwa matamshi ya chuo. Wachungaji waliopita pale walitambuana kwayo hata kwenye simu, na waliosoma kwingine walionekana kama mbao ambazo hazijapigwa msasa.

Binti alikuwa mwanamke wa kwanza kuandikishwa katika darasa hilo. Wanawake wengine wote walisomea malezi ya watoto, kozi nzuri isiyohitaji Kigiriki. Yeye alitaka kusoma kwa macho yake mwenyewe, bila mtu wa katikati. Wiki aliyosajiliwa kanuni mpya ilibandikwa ubaoni: mwanafunzi wa kike atakayeshindwa mtihani wa kusoma kwa sauti atahamishiwa malezi ya watoto, bila kurudia. Kwa kuwa mwanafunzi wa kike alikuwa mmoja, kanuni haikuhitaji kutaja jina. Mtihani ulikuwa Ijumaa.

Wiki nzima iliyotangulia alikuwa ametembea na njiti mdomoni. Jumapili jioni, kwa mara ya kwanza, filimbi yake ililia vizuri, akaenda kulala na furaha. Sasa nafasi ya njiti ilikuwa imekaliwa.

Darasani alikaa dawati la karibu na mlango, ambalo alipangiwa ili asiwapite wanaume akiingia. Mlango ulikuwa wa mbao, wa zamani, na fremu yake ilikuwa na kovu usawa wa bega la mtu, mahali ambapo kitu kizito kilijigonga zamani. Rangi ilipakwa juu yake mara nyingi. Binti alipoipita fremu hiyo asubuhi ile, jino lilianza kutetemeka, na mdomoni mwake ikaja ladha ya chuma.

Jirani yake, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alimkodolea macho.

"Dada, meno yameongezeka au mimi ndiye sijalala vizuri?"

"Limeongezeka."

"Basi umeula. Sisi wengine hata tuliyozaliwa nayo yanatuaga." Alisogea akalitazama kwa karibu. "Ila hili mbona limezeeka? Umelipata la mtumba?"

"La Baba Mkubwa."

"Ahaa," Redio alisema, akafungua kitabu. "Pole na hongera."

Mkuu wa Chuo ndiye aliyechukua somo la Kigiriki baada ya Baba Mkubwa kufariki. Walikuwa wameanza kazi pamoja, vijana wawili wa ofisi moja. Alikuwa mpole, msafi, mwenye sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa ale dawa. Mkono wake wa kulia ulikaa mfukoni daima, naye aliandika ubaoni kwa kushoto, polepole, herufi zikiegemea nyuma kama zinazosita kuingia nyumba ya watu. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuliza. Mtu ana mikono miwili, anatumia anaoupenda.

Aliandika maneno yenye theta na darasa likapiga filimbi. Kwa kila filimbi jino la binti liligonga jino la chini mara moja, kavu, kama mwalimu anayegonga meza kwa rula. Watu waligeuka. Alifunika mdomo kwa mkono, lakini mlio ulipita kwenye vidole.

"Nani anagonga?" Mkuu aliuliza.

"Ni mimi, Mwalimu. Samahani. Halitulii."

Alimjia mpaka dawatini. "Fungua mdomo." Alitazama kwa muda, bila kuinama sana, kama anayesoma saa ya mtu mwingine.

"Limekuja lini?"

"Leo asubuhi."

"Limekuja lenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Alitikisa kichwa taratibu. "Marehemu alikuwa mgumu kuondoka mahali. Hata kwenye vikao." Kisha akamwonyesha neno ubaoni, neno lenye maana ya mlango. "Soma."

Alikusudia kupiga filimbi. Alipanga midomo kama alivyofanya Jumapili, akapuliza. Jino likamng'ata ulimi, si kwa ukali, likausukuma mahali panapostahili, na neno likatoka: thura. Lilitoka wazi, kwa sauti ambayo hakuwahi kuwa nayo, likafika ukuta wa nyuma. Mlango wa darasa ulifunguka wenyewe. Aliyekaa karibu alikuwa yeye, kwa hiyo aliinuka akaufunga.

"Mtihani ni Ijumaa," Mkuu alisema, akirudi ubaoni. "Matamshi ni ya chuo."

Siku zilizofuata binti hakutulia. Alikaa akasimama, akafungua kitabu akakifunga, akatoka nje kuangalia nguo alizoanika na kukuta hazina shida yoyote. Jino nalo lilikuwa na ratiba yake. Kengele ya chuo ikilia, hata akiwa nyumbani, lilipata joto. Akizungumza habari za kawaida lilikaa kimya kama jino lolote. Akifungua kitabu cha Kigiriki liliamka, likamsahihisha mpaka ulimi ukavimba. Alijifunza mambo. Alijifunza kwamba ile alama ndogo juu ya irabu, inayofanana na kucha iliyokatwa, ni amri ya kupumua, na akipumua vizuri pazia la sebuleni lilijaa upepo kisha likarudi. Yote hayo yasingemsaidia Ijumaa.

Mama Mkubwa alipiga pasi sebuleni wakati binti akijisomea, ingawa awali alipigia chumbani.

"Sema tena ile," aliomba.

"Ipi?"

"Ile baada ya eta."

"Theta."

Mama Mkubwa alipitisha pasi juu ya mkono wa shati, mara mbili, pale ambapo mara moja ingetosha. "Ndivyo alivyokuwa akiisema," alisema. "Kabla." Muda kidogo baadaye binti alikwama katikati ya alfabeti, akajikuna kichwa, na kutoka upande wa meza ya pasi sauti ndogo ikasema, "Lamda. Kisha mu."

Binti aligeuka.

"Ukuta wa nyumba hii mwembamba," Mama Mkubwa alisema. "Mtu akifundisha wanafunzi wa nyumbani sebuleni miaka yote, hata sufuria zinajua." Akachomoa pasi, akakunja shati ambalo bado lilikuwa na mikunjo.

Alhamisi mchana walikwenda kwa daktari wa meno. Kliniki yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu, na ngazi zilinuka ngozi mpya. Daktari aligonga jino kwa kijichuma, akasikiliza.

"La urithi," alisema. "Yapo. Hupenda zaidi familia za walimu. Mwaka jana nilikuwa na gego la fundi cherehani lililorudi kwa mkwewe. Huyo hakuelewana nalo kabisa." Alinawa mikono. "Naweza kuling'oa sasa hivi. Pengo litaziba baada ya siku kadhaa."

"Kesho nitaweza kupiga filimbi?"

"Kwa pengo hilo? Utaita mbwa wa mtaa mzima." Akachukua koleo, akalishika kwa upole. "Lakini nikuambie ukweli, likitoka hapa halitarudi tena. Yanakuja mara moja. Semeni mnavyotaka."

Binti alimtazama Mama Mkubwa, aliyekaa kwenye kiti cha kona na mkoba mapajani. Mama Mkubwa aliutazama mkoba.

"Mdomo ni wako, mwanangu."

Binti hakuwa mtu wa kusema hapana. Katika maisha yake yote alikuwa amesema "labda", na "tutaona", na mara moja, alipochumbiwa na mtu asiyemtaka, alisema "naumwa kichwa" kwa miezi kadhaa mpaka mtu yule akaoa kwingine. Alitazama koleo. Jino lilikuwa limetulia, kama mtu aliyevaa tayari akingoja kuambiwa twende.

"Labda kesho," alimwambia daktari. "Baada ya mtihani."

Daktari alirudisha koleo mahali pake bila kuuliza. Mama Mkubwa alifungua mkoba, akatoa leso, akaifutia mkoba.

Njiani walipita ukuta wa chuo. Jua lilikuwa kali na vivuli vyao vilikuwa vifupi miguuni. Mama Mkubwa alitembea haraka kuliko kawaida yake, kama anayefukuzwa na maneno yake mwenyewe.

"Hakuanguka na baiskeli," alisema.

Binti aliongeza hatua amfikie.

"Ulikuwa mkono wa mwenzake. Mlangoni pale darasani. Baba yako Mkubwa alijipigiza bega kwenye fremu, jino likaruka. Tulilitafuta kwa ufagio, hatukuliona."

"Mwenzake ndiye Mkuu?"

"Hakuwa Mkuu wakati huo. Alikuwa kijana tu, mwenye hasira za kijana. Mkono wake mwenyewe ulichanika kwa jino, mpaka leo haunyooki vizuri. Waliyamaliza wenyewe. Walikubaliana baiskeli."

"Waligombea nini?"

Mama Mkubwa alihamisha mkoba kutoka bega moja hadi jingine. "Nilikuwa nimempelekea mwavuli. Nikafika darasa limeanza. Yule akasema, darasa limeanza, mama, mwanamke haingii. Baba yako Mkubwa akasema mwache aingie. Yakawa hayo."

"Kwa ajili ya mwavuli?"

"Watu wamegombana kwa vitu vidogo kuliko hivyo," Mama Mkubwa alisema, na mpaka walipofika nyumbani hakusema kitu kingine, ila alimwambia mbwa wa jirani aondoke njiani.

Siku ya mtihani wanafunzi walikaa kwenye mabenchi wakingoja zamu, kila mmoja na njiti yake. Chumba kizima kilikuwa na mlio mdogo wa majaribio, kama birika nyingi zinazokaribia kuchemka. Binti alipopita fremu ya mlango jino lilitulia. Lilitulia kabisa, kwa mara ya kwanza mlangoni pale tangu Jumatatu, naye akakaa mwisho wa benchi akingoja zamu yake.

Aliitwa. Mkuu alikaa nyuma ya meza, kalamu katika mkono wa kushoto. Binti alisoma. Alianza kwa sauti yake ya kawaida, ile ya mtu anayeomba chumvi, kisha jino likaushika ulimi na usomaji ukasimama wima. Kifungu kilikuwa na theta nyingi, maana kilizungumzia mlango wa kondoo na kifo. Zote zilitoka safi. Pumzi zilitoka mahali pake, vitabu vilivyo wazi kwenye mabenchi vikajifunua ukurasa mmoja mmoja, na wenye vitabu wakavirudisha. Mlango ulifunguka. Safari hii hakuna aliyeinuka kuufunga.

Alipomaliza, Redio alisema "Duh" kwa sauti ya chini, na kwa Redio hiyo ilikuwa hotuba fupi kuliko zote.

"Kigiriki kizuri," Mkuu alisema. Alisema kweli, macho yake yalikuwa na maji kidogo. "Sijakisikia hivyo tangu ujana wangu. Rudia kwa matamshi ya chuo."

"Siwezi, Mwalimu."

"Jaribu."

Alijaribu. Aliogopa, kwa hiyo alijaribu kwa moyo wote. Jino likamng'ata, tone la damu likaanguka ukurasani, na neno likatoka kama lilivyotoka mwanzo.

Mkuu aliandika. Herufi zake ziliegemea nyuma. "Ukiamua kuling'oa ni shauri lako," alisema kwa upole, "ila kanuni haina kurudia. Jumatatu utaripoti malezi ya watoto. Ni kozi nzuri. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa Redio. Alipompita binti alimgusa bega, akasimama mbele ya meza, akamtazama Mkuu, akatazama kitabu. Kisha akaitoa njiti mdomoni, akaiweka mfukoni, akapiga filimbi. Ilikuwa filimbi nzuri sana, nyembamba, isiyokwaruza. Mkuu aliitikia kwa kichwa kila ilipolia. Redio alifaulu, na aliporudi kukaa hakumwangalia mtu.

Binti alibaki amesimama karibu na dawati lake, maana hakujua kama bado ni lake. Hapo ndipo alipomwona Mama Mkubwa mlangoni.

Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na mkononi alishika ule mwavuli mweusi, kibandiko cha duka kikining'inia. Nje hakukuwa na wingu. Alisimama usawa wa lile kovu la fremu, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Vinywa vyote viliacha kupuliza njiti.

Mkuu aliinuka. Alitoa mkono wa kulia mfukoni, labda kwa kusahau, akauinua kidogo kama anayezuia gari. Vidole vyake viwili vilikuwa vimejikunja, na juu ya kifundo palikuwa na alama ndogo, yenye pembe moja iliyomeguka.

"Shikamoo, Mama," alisema. "Umemletea binti mwavuli. Asante. Mwachie hapo, atakuja kuuchukua."

Ilikuwa sentensi ya msaada. Mama Mkubwa alihitaji kusema ndiyo tu, kama alivyosema mara nyingine zote, na kugeuka. Binti alihisi jino likisogea, likitafuta hewa, akafumbua midomo ili nalo lione.

Mama Mkubwa aliingiza mguu wa pili. Alitembea katikati ya mabenchi, akiomba radhi kwa kila goti alilogusa, mpaka kwenye meza, akaulaza mwavuli juu ya karatasi za alama.

"Darasa limeanza, Mama," Mkuu alisema, kwa sauti ile ile ya kumwamsha mgonjwa.

"Mwavuli huu niliununua kesho yake," Mama Mkubwa alisema. "Siku ile nilikuja mikono mitupu. Nilikuja kusoma."